1983, mwaka uliozaa kufuli la gemu

Mnamo Septemba 1983 malori yaliyotoka kwenye bohari la Atari mjini El Paso, Texas, yaliingia jimbo jirani la New Mexico na kumwaga shehena kwenye dampo la Alamogordo, mji mdogo wa jangwani. Ilikuwa shehena ya kaseti za gemu na vifaa vya kompyuta ambavyo havikuwa na mnunuzi. Tingatinga likapita juu yake, kisha ikamwagiwa zege. Habari zikaenea kwamba Atari imeizika gemu ya E.T., iliyotokana na filamu ya Steven Spielberg, kwa kuwa ilikuwa mbovu kiasi cha kuiangamiza kampuni iliyoitoa. Kwa miaka mingi watu walibishana kama maziko hayo yalitokea kweli, hadi tarehe 26 Aprili 2014 dampo lilipofukuliwa mbele ya kamera na kaseti zikatolewa vumbini. Zilipohesabiwa, likajitokeza jambo ambalo hadithi ilikuwa imeliacha: E.T. ilikuwa gemu moja tu kati ya nyingi zilizofukiwa. Zilikuwamo Centipede, Missile Command, Yars' Revenge na Pac-Man, gemu zilizokuwa zimepata wanunuzi wengi na baadhi yake kusifiwa sana. Kampuni haina sababu ya kufukia bidhaa inayopendwa eti kwa sababu bidhaa nyingine ni mbovu.

Gemu nzuri na gemu mbaya ziliingia shimo moja kwa sababu zote zilikuwa zimepoteza thamani dukani, na kilichoziondolea thamani hakikuwa ladha ya wachezaji. Mwaka 1983 unakumbukwa kama mwaka ambao biashara ya gemu za nyumbani ilianguka Marekani, na maelezo yanayorudiwa ni kwamba watoto walichoshwa na takataka. Ushahidi unaelekea kwingine. Kilichovunjika ni maelewano ya kifedha kati ya watengenezaji na wenye maduka juu ya nani abebe hasara mzigo usipouzika. Kwa kuwa chanzo kilielezwa vibaya, suluhisho lililokuja miaka miwili baadaye lilizidi tatizo lenyewe: kufuli la kielektroniki lililoipa kampuni moja uwezo wa kuamua nani aruhusiwe kutengeneza gemu na kwa masharti gani. Suluhisho hilo halikuishia kwenye gemu. Linatawala simu zetu hadi leo, na ndiyo maana mwaka huo unastahili kusomwa upya.

Atari ilianzishwa California mwaka 1972 na Nolan Bushnell na Ted Dabney, ikapata jina kwa Pong, gemu ya tenisi iliyochezwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1976 iliuzwa kwa Warner Communications, kampuni kubwa ya filamu na muziki, kwa takriban dola milioni 28. Mwaka uliofuata ikatoa mashine ya nyumbani iliyoitwa VCS, ambayo baadaye ilijulikana kama Atari 2600. Mashine hiyo haikuwa na gemu moja iliyofungiwa ndani. Mchezaji alinunua kaseti, yaani kijisanduku cha plastiki chenye chipu iliyohifadhi gemu, akaichomeka kwenye mashine iliyounganishwa na televisheni. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ndani ya mashine ilikuwa baiti 128 tu, pungufu ya nafasi inayotumiwa na ujumbe mmoja wa maandishi wa simu, na bado watu wenye akili walitoa humo nyambizi, misitu na vita vya angani. Faida kubwa ilikuwa kwenye kaseti. Space Invaders, iliyobuniwa Japani mwaka 1978 na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, ilipoletwa kwenye VCS mwaka 1980, watu walinunua mashine nzima ili tu waicheze sebuleni kwao. Yeyote aliyeona kaseti ikiuzwa dola 30 na zaidi, huku gharama ya kuitengeneza ikiwa sehemu ndogo ya bei hiyo, alijua pesa ziko wapi.

Waliolijua hilo mapema kuliko wote ni waandishi wa gemu wenyewe. Atari haikuweka majina yao kwenye bidhaa, wala haikuwapa mrabaha wa mauzo. Warren Robinett aliona hana njia ya kutambuliwa ila kulificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya gemu yake ya Adventure. Ray Kassar, aliyetoka kwenye biashara ya nguo kuja kuiongoza Atari, hakuona sababu ya kuwatofautisha watu hao na wafanyakazi wengine wa kampuni. Mwaka 1979 wanne kati yao, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, waliondoka, wakaungana na Jim Levy aliyekuwa na uzoefu wa biashara ya muziki, wakaunda Activision: kampuni ya kwanza kujitegemea kwa kutengeneza gemu za mashine isiyo yake. Atari ilikwenda mahakamani. Mgogoro ukamalizika kwa maelewano mwaka 1982, Activision ikaendelea na kazi kwa kulipa mrabaha. VCS haikuwa na chochote ndani yake cha kuitambua kaseti ya Atari na kuikataa ya mtu mwingine, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa kila aliyejifunza kuiandikia. Na kilichopita mlangoni kwanza kilikuwa bora kuliko kilichokuwamo: Pitfall! ya Crane, iliyotoka mwaka 1982, ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za mashine ile, nayo iliuza mamilioni ya nakala. Wanaolaumu uwazi wa soko kwa yote yaliyofuata husahau kwamba uwazi huohuo ndio uliompa mwandishi wa gemu jina lake na malipo yake.

Waliofuata nyuma ya Activision wengi hawakuwa na kipaji hicho. Quaker Oats, kampuni ya nafaka za kifungua kinywa, ikawa na tawi la gemu. Chakula cha mbwa cha Purina kikatangazwa kwa gemu ya Chase the Chuck Wagon, na Johnson & Johnson wakatoa ya kulinda meno. Mashine nazo zikaongezeka: Intellivision ya Mattel ilikuwa sokoni tayari, ColecoVision ikaingia Agosti 1982, na Atari yenyewe ikatoa 5200 miezi michache baadaye, kila moja na aina yake ya kaseti. Mwenye duka aliyekuwa na rafu moja ya gemu sasa alihitaji ukuta mzima, na hakuwa na namna ya kujua kaseti ipi itauzika. Hakukuwa bado na utamaduni mpana wa uhakiki wa kumsaidia. Alichokitegemea ni haki ya kurudisha mzigo usiotoka.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Kaseti ina chipu ndani yake, na chipu huagizwa kiwandani miezi kadhaa kabla. Anayetaka kuuza Krismasi lazima akisie mahitaji mapema katika mwaka huo na alipe kabla hajaona hata senti. Mwaka 1981 mahitaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba wauzaji wa jumla walipata pungufu ya walichoomba. Basi Atari ilipowataka mwishoni mwa mwaka huo waagize mzigo wa mwaka mzima wa 1982 kwa mara moja, waliagiza kupita mahitaji yao, kila mmoja akihofia kupunjwa tena. Atari ikazisoma oda hizo kama kiu halisi ya wachezaji na kuzalisha kwa kiwango hicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Atari ilikuwa imesifiwa na oda zake yenyewe. Ulipofika msimu wa mwisho wa mwaka 1982, washindani walikuwa wamejaa rafuni, na wauzaji wa jumla wakaanza kufuta oda. Wenye maduka nao waliporudisha mizigo kwa kampuni ndogo, hizo hazikuwa na fedha za kuwarejeshea. Nyingine zilikuwa zimeshafilisika. Duka lililobaki na masanduku yasiyo na mwenyewe lilikuwa na njia moja tu, kuzimwaga kaseti kwenye pipa la bei ya kutupa, dola 5 na chini ya hapo. Ikawa kama nyanya za msimu: zikishafurika sokoni, hata iliyo safi kabisa inauzwa kwa bei ya iliyopondeka. Mzazi aliyesimama kati ya kaseti mpya ya dola 35 na pipa la dola 5 alichagua pipa. Mtengenezaji mzuri akakosa mauzo, mtoto akapata gemu mbovu, na hasara ikarudi tena dukani.

Mpinzani atasema kwamba hata hivyo E.T. ilikuwa mbovu, na kwamba Pac-Man ya nyumbani, iliyotoka Machi 1982, iliwaudhi walioizoea ile ya Toru Iwatani kwenye mashine za sarafu. Yote mawili ni kweli, ila hayathibitishi kinachodaiwa. Pac-Man hiyo iliyolaumiwa iliuza zaidi ya nakala milioni 7 na kuwa gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye VCS. E.T. nayo ilinunuliwa na watu wengi Krismasi ile. Tatizo lake lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la sanaa: haki za kutumia filamu zinaripotiwa kuigharimu Atari zaidi ya dola milioni 20, zikatengenezwa kaseti takriban milioni 4, na Howard Scott Warshaw akapewa wiki tano hivi kuandika kitu ambacho kwa kawaida kilichukua miezi, ili tu kiwahi sikukuu. Warshaw ndiye aliyekuwa ameandika Yars' Revenge, gemu iliyosifiwa. Kumfanya yeye sura ya anguko zima ni dhuluma ambayo historia ya gemu imeibeba muda mrefu mno. Na tarehe zenyewe zinakanusha. Tangazo lililowashtua wawekezaji lilitoka tarehe 7 Desemba 1982, pale Atari iliposema ukuaji wa mapato yake utakuwa sehemu ndogo tu ya ulioahidiwa. Siku iliyofuata thamani ya hisa za Warner ilishuka kwa takriban theluthi moja. Wakati huo E.T. ilikuwa bado ngeni madukani. Wachezaji hawakuwa wamepata muda wa kuihukumu, achilia mbali kuirudisha. Kilichokuwa kimeshatokea ni oda kufutwa. Ikaja pia kujulikana kwamba Kassar aliuza hisa zake 5,000 dakika chache kabla ya tangazo hilo, na Julai 1983 akaondoka kwenye uongozi.

Wapo wanaosema kilichoua mashine za gemu ni kompyuta za nyumbani, na hoja yao ina uzito zaidi. Commodore 64 ilitoka Agosti 1982 kwa dola 595. Jack Tramiel, bosi wa Commodore, aliingia kwenye vita vya bei na Texas Instruments, na katika mwaka 1983 kompyuta yake ilishuka hadi karibu dola 200, bei ambayo familia ya kawaida iliimudu. Matangazo yakawauliza wazazi kwa nini wanunue mashine ya kuchezea tu wakati kompyuta inaweza kumfundisha mtoto na bado akacheza. Texas Instruments yenyewe ilishindwa, ikajitoa kwenye kompyuta za nyumbani Oktoba 1983. Bila shaka kompyuta zilichukua wateja. Hata hivyo hoja hii inasaidia upande wangu: watoto waliohamia kwenye Commodore walihamia ili wacheze. Electronic Arts, iliyoanzishwa na Trip Hawkins mwaka 1982, ilitoa gemu zake za kwanza mwaka huohuo wa 1983 unaoitwa wa msiba, zikiwamo M.U.L.E. na Pinball Construction Set, nayo ikawatangaza waandishi wake kama wasanii. Watu waliochoka na gemu hawafungui kampuni za namna hiyo, wala hawanunui bidhaa zake.

Lililoanguka lilianguka vibaya. Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500 mwaka 1983, ikafukuza maelfu ya wafanyakazi, na Julai 1984 Warner ikaikata vipande na kukiuza kitengo cha bidhaa za nyumbani kwa Tramiel, ambaye alikuwa ameondoka Commodore. Mattel iliacha gemu mwanzoni mwa 1984, Coleco ikaacha ColecoVision mwaka 1985. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba mauzo ya gemu za nyumbani Marekani yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 3 mwaka 1983 hadi kama dola milioni 100 mwaka 1985.

Ukitoka Marekani, mwaka huo unabadilika sura kabisa. Tarehe 15 Julai 1983, kampuni ya Nintendo ya Kyoto, iliyoanzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, iliweka sokoni Japani mashine iliyoitwa Famicom kwa yeni 14,800. Ilibuniwa na Masayuki Uemura kwa agizo la rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, ikaja na gemu tatu, Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Siku hiyohiyo Sega nayo ilitoa mashine yake ya kwanza ya nyumbani, SG-1000. Famicom za mwanzo zilikuwa na hitilafu, na Yamauchi aliamua kuzirudisha kiwandani ziwekewe bodi mpya, jambo lililoigharimu kampuni mapato ya msimu lakini likaipa heshima kwa wanunuzi. Kuna jambo jingine la mwaka huo linalostahili kujulikana zaidi. Miezi michache kabla, Nintendo na Atari walikuwa wakizungumzia mkataba wa Atari kuiuza Famicom nje ya Japani. Mazungumzo yalikwama Juni 1983, baada ya Coleco kuonyesha Donkey Kong kwenye kompyuta yake ya Adam wakati Atari iliamini haki za Donkey Kong kwenye kompyuta ni zake. Kassar alipoondoka mwezi uliofuata, mpango ukafa. Mkataba ungetiwa saini, mashine iliyokuja kutawala dunia ingebeba nembo ya Atari, na ingepitia mikono ya kampuni iliyokuwa inazama.

Uingereza ni ushahidi wa aina nyingine, na kwangu ndio mzito kuliko wote. Huko mashine iliyoshika nyumba nyingi ilikuwa kompyuta ndogo ya bei nafuu, ZX Spectrum ya Sinclair, iliyotoka Aprili 1982. Gemu zake hazikuja kwenye kaseti za chipu. Zilikuja kwenye kanda za kawaida kama zile za muziki, ambazo kijana aliweza kuzinakili kwa gharama ndogo na kuziuza kwa posta. Hapakuwa na leseni, kufuli wala mlinzi wa mlango. Mwaka 1983 Matthew Smith, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20, alitoa Manic Miner, gemu ambayo Waingereza wanaitaja hadi leo. Ultimate Play the Game walitoa Jetpac mwaka huohuo, na mwaka 1984 David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge, wakatoa Elite kwenye kompyuta ya BBC Micro. Takataka nazo zilikuwa nyingi, pengine nyingi kuliko Marekani. Zilikuwapo pia kampuni zilizokufa: Imagine Software ya Liverpool ilianguka mwaka 1984 kwa madeni na majivuno. Soko lenyewe halikuanguka. Anayeuza kanda hunakili nyingine pale zilizopo zinapokwisha. Hahitaji kukisia mahitaji ya miezi sita ijayo, na gemu ikikataliwa hasara yake ni ndogo. Kama uwazi na gemu mbovu vingetosha kuangusha soko, basi la Uingereza lingetangulia.

Nintendo ilipoamua kuingia Marekani yenyewe, ilianza kwa majaribio New York mwishoni mwa mwaka 1985, ikilenga maduka ambayo hayakutaka tena kusikia habari za gemu. Mashine ilibadilishwa sura. Kaseti sasa iliingia kwa mbele kama kwenye deki ya video, na neno gemu likaepukwa katika jina la mashine, iliyoitwa Nintendo Entertainment System, au NES. Iliongezewa roboti ya plastiki ili ionekane kuwa kitu cha kuchezea cha aina mpya. Ndani yake iliwekwa chipu ya 10NES. Chipu hiyo iliwasiliana na pacha wake aliyekuwa ndani ya kila kaseti halali, na pacha asipoitika, mashine iligoma. Ili kupata pacha huyo, mtengenezaji alilazimika kusaini mkataba na Nintendo: asitoe gemu zaidi ya 5 kwa mwaka, gemu hiyo asiitoe kwenye mashine shindani kwa miaka 2, na kaseti zote zitengenezwe na Nintendo yenyewe, kwa idadi ya chini iliyopangwa, zilipiwe kabla. Juu ya boksi kikabandikwa kishada cha dhahabu cha kuthibitisha ubora.

Watetezi wa mpango huo husema ndio uliookoa gemu za nyumbani Marekani, na jambo hilo haliwezi kupuuzwa. Baada ya 1983 wenye maduka walihitaji mtu wa kuwahakikishia kwamba mafuriko hayatarudi, na kikomo cha gemu 5 kwa mwaka kilikuwa hakikisho la namna hiyo. NES iliuza mamilioni ya mashine, na Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ikawapa watoto sababu ya kuitaka. Lakini tazama kilichoyashawishi maduka ya New York siku za kwanza. Nintendo iliwaambia wenye maduka kwamba wafanyakazi wake wangekuja wenyewe kupanga maonyesho, na kwamba mzigo usiouzwa ingeuchukua. Yaani iliondoa hasara mabegani mwa duka, ikagusa palepale palipokuwa pamevunjika mwaka 1982. Ahadi hiyo haikuhitaji chipu yoyote. Na Famicom, dada yake NES kule Japani, haikuwa na kufuli la 10NES. Hudson na Namco walianza kuitengenezea gemu mwaka 1984 kwa mikataba ya leseni, watengenezaji wasio na leseni nao wakajipenyeza pembeni, na bado Famicom ikatawala nchi nzima. Ikiwa mashine ileile ilistawi bila kufuli, kufuli haliwezi kuwa ndilo lililoistawisha.

Lilichofanya kufuli kwa uhakika ni kuhamisha madaraka. Mwandishi wa gemu aliyekuwa ameondoka Atari mwaka 1979 ili awe huru alijikuta, miaka 10 baadaye, akiomba ruhusa Kyoto. Atari Games, tawi la mashine za sarafu lililobaki baada ya kampuni kugawanywa, lilijaribu kulivunja kufuli kupitia jina la Tengen. Ili kuupata msimbo wa chipu lilikwenda ofisi ya hakimiliki ya Marekani na maelezo yasiyo ya kweli, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaegemea upande wa Nintendo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kuhusu udanganyifu huo. Suala kubwa zaidi, la kama mwenye mashine anapaswa kuwa pia mwenye kila kinachochezwa juu yake, halikupata jibu pale. Mwaka 1991 Nintendo ilikubali kumaliza tuhuma za kuwabana wenye maduka wasipunguze bei ya mashine, kwa kuwapa wanunuzi kuponi za dola 5. Na kishada cha dhahabu hakikuzuia gemu mbovu: NES ilikuwa nazo tele, nyingi zikiwa na muhuri huo.

Famicom kukosa kufuli kulileta tokeo ambalo wengi wa Afrika Mashariki wamelishika kwa mikono bila kujua asili yake. Viwanda vya Taiwan na China viliiga muundo wa Famicom, na mashine hizo za bei ya chini zikasambaa Asia, Ulaya Mashariki na Afrika, zikaja na kaseti moja iliyojigamba kuwa na mamia ya gemu, nyingi zikiwa zilezile zikirudiwa kwa majina tofauti. Nintendo haikupata chochote kwenye mauzo hayo, na kisheria ilikuwa na haki ya kulalamika. Pamoja na hayo, kwa watoto ambao hakuna kampuni iliyowahesabu kuwa soko, mlango ulioachwa wazi mwaka 1983 ndio uliowafikishia Mario.

Mfumo wa NES ulirithiwa na karibu kila mashine ya nyumbani iliyofuata, kisha ukahamia kwenye simu. Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008. Kila programu hukaguliwa kabla ya kukubaliwa, na kwa muda mrefu kamisheni ya kawaida ilikuwa asilimia 30 ya mauzo, baadaye ikapunguzwa hadi 15 kwa watengenezaji wadogo. Mtengenezaji wa gemu wa Dar es Salaam au Nairobi hulipa Google dola 25 mara moja ili kufungua akaunti ya kuchapisha, na Apple dola 99 kila mwaka. Hoja inayotumika kuutetea mfumo huu ni ileile: bila mlinzi mlangoni, mtumiaji atazama kwenye takataka na wizi. Kuhusu wizi na programu za hatari hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu simu hubeba pesa na siri za mtu, na kaseti ya Atari haikubeba. Kuhusu ubora wa gemu haina nguvu hata kidogo. Maduka hayo yana milango imara kuliko yote iliyowahi kujengwa, na ndani yake mna gemu za kuigana na za kunyonya pesa kwa wingi ambao mwaka 1982 usingefikirika. Hazikuliangusha soko kwa sababu nakala ya kidijitali haigharimu kitu kukaa rafuni. Sharti lililoliangusha mwaka 1983, mzigo wa plastiki na chipu uliolipiwa kabla na usio na pa kurudi, halipo tena. Kamisheni inayodaiwa kwa jina lake bado ipo.

Agosti 2020 Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, walizishtaki Apple na Google juu ya udhibiti huo. Desemba 2023 jopo la wazee wa baraza mjini San Francisco liliamua dhidi ya Google. Machi 2024 masharti ya sheria mpya ya Umoja wa Ulaya yaliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone, lakini kwa watumiaji walio ndani ya umoja huo tu. Mtengenezaji wa Nairobi anayetaka kumuuzia gemu mchezaji wa Kampala mwenye iPhone bado anapita duka la Apple, kwa bei na kanuni ambazo Apple peke yake imeziandika.